Neno la Pili la Salamu

Siku hizi habari ya kifo inafika kwenye simu kabla maiti hajapoa, pamoja na picha na namba ya kutumia rambirambi. Zamani ilibebwa na mtu mzima aliyejua aketi wapi, anywe nini na aanze na neno lipi kabla ya kuisema.

Kwetu, vilimani juu ya Mlalo, salamu ilikuwa na maneno mawili. Ukiulizwa habari za utokako, neno la kwanza lilikuwa "njema", hata kama nyuma yako nyumba imeungua. Mtu hapigwi na habari mbaya akiwa amesimama. Unakaribishwa, unakaa, unapewa maji, mwenyeji wako naye anakaa, ndipo unasema, "Ila." Baada ya hiyo ila linakuja neno la pili, na hilo ndilo lililokuleta. Hata mtoto anayechunga mbuzi alilijua jambo hili. Leo nikimwelezea mjukuu wangu anacheka, ananiambia, babu, huko ni kupoteza muda. Muda wanaouokoa sijui wanaupeleka wapi, maana sijaona walichofanya nao.

Mjukuu huyohuyo ndiye aliyenipa habari za Fanueli Shemkala. Nilikuwa njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe begani, akanipita na simu yake mkononi, akasema, "Babu, yule Mwalimu Fanueli aliyehamia Songea amefariki," kisha akaendelea na safari yake. Nikabaki nimesimama na majani. Labda nilistahili kuambiwa hivyo.

Fanueli alikuwa mtoto wa kwanza wa Bi. Raheli, mjane aliyelima shamba la mteremkoni chini ya kanisa. Alisoma shule ya misheni, akaenda chuo cha ualimu, akarudi kufundisha shule ya msingi upande wa Mlola kwa miaka tisa. Alikuwa mrefu na mwembamba, na mwili wake haukujua kutulia. Alifundisha akitembea kati ya madawati, akasahihisha madaftari amesimama dirishani, na kengele ya mwisho ikilia alikwenda shambani kwa mama yake bila hata kuvua tai. Watoto walimwita Mwalimu Hakai. Yeye mwenyewe alisema akili yake imo miguuni, na kwamba asipopanda kilima hapati wazo.

Mimi niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma kwenye magazeti yaliyofungia sabuni, kwenye vitabu ambavyo wamisionari waliviacha, na kwa masomo ya posta. Siku za gulio nilikutana na Fanueli njiani, tukapanda pamoja tukizungumza Kiingereza cha kujifundisha, na akina mama waliobeba matenga ya kabichi wakatucheka. Nilimzidi miaka kumi, naye alinizidi vyeti vyote. Sikumwonea wivu. Ukweli ni kwamba nilimwona kama mguu wangu mmoja uliokwenda mbele.

Mwaka sabini na nne Chama kiliamua kwamba anayeingia Chuo Kikuu lazima awe ameshafanya kazi, na apendekezwe na watu wanaomjua. Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi. Nilimpendekeza Fanueli kabla hajaniomba, na barua yake niliiandika upya mara nne. Jibu lilipokuja alikuwa na miaka thelathini na moja, mke wake Marta na watoto watatu, na hakufurahi hata kidogo.

"Kaka Severin, shamba la mama nitamwachia nani?"

"Mdogo wako Silvano yupo."

"Silvano analima kama anayempapasa mbwa asiyemjua."

"Basi nitamsaidia mimi."

"Wewe unalima kama anayesoma."

Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ile barua. Alikwenda Julai ya mwaka sabini na sita. Kitongoji kizima kilimsindikiza mpaka kituo cha basi Mlalo, mama yake akiwa mbele na kapu la mapeasi kichwani.

Barua ya kwanza ilikuja Agosti. Alisema bweni lina ghorofa nyingi na madirisha makubwa, lakini hewa haiingii. Anaoga mara tatu kwa siku na bado shati linamganda. Katika barua ya pili alisema anaamka saa ileile ya jogoo wa kwanza, ingawa huko hakuna jogoo, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kupambazuke, na kukipambazuka hana jembe la kushika. "Nimesoma ukurasa mmoja tangu asubuhi," aliandika, "na nimeinuka mara kumi na moja." Katika barua ya tatu alisema viganja vyake vimelainika kama vya karani, naye anaona haya kumpa mtu mkono. Miaka tisa alifundisha kwa Kiswahili; sasa kijana mwenye ndevu anasimama mbele yao, anamwaga Kiingereza cha mbio, na anataja wakulima kama mtu anayeeleza mdudu aliyemkamata kwenye chupa. "Nataka kunyanyua mkono nimwambie mama yangu ni mmoja wao, lakini nikipata maneno yeye ameshafika ukurasa mwingine."

Kila barua aliimaliza kwa maneno mawili: naona nirudi. Nami kila jibu nililimaliza kwa neno moja: kaa.

Niliona neno hilo lina busara. Nilimwambia akae mahali ambapo mimi sijawahi kukaa hata nusu saa. Desemba alipoandika kwamba kuna likizo fupi na angependa kuja Krismasi, nilimjibu asije, kwa kuwa akiuonja ubaridi wa nyumbani hatashuka tena. Mama yake aliniuliza kwa nini mtoto haji. Nikamwambia ana masomo mengi. Akasema, "Masomo hayana sikukuu?" akaendelea kupepeta maharage yake.

Bi. Raheli alikufa Alhamisi moja mwanzoni mwa Machi, mwaka sabini na saba. Ni kifua kilichomchukua, siku tano tu. Tulimzika Ijumaa kukiwa na ukungu hata mtu wa upande wa pili wa kaburi hukumwona vizuri.

Baada ya maziko wazee walikaa. Silvano akasema ashuke Lushoto apige simu ya maandishi posta. Mjomba wao, Mzee Kornelio, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba, akamtazama.

"Mtoto wa dada yangu aambiwe na kikaratasi? Kikaratasi kina makalio ya kukaa naye?"

Hata waliokuwa wanalia wakacheka kidogo.

"Aende mtu," akasema. "Severin, wewe ndiye uliyempeleka huko. Wewe ndiye utakayemrudisha. Na urudi naye kabla ya siku ya nane."

Siku ya nane ilikuwa na maana yake. Katika ukoo wao mama akifa wakati wa kulima, jembe lake hulazwa kizingitini, na hakuna wa ukoo anayelima mpaka mtoto wa kwanza aliokote siku ya nane na kuchimba mashimo ya kwanza katika shamba lake. Masika ya mwaka ule yaliwahi. Ardhi ilikuwa imelowa, mbegu ziko tayari, na nyumba kumi na tatu zilikuwa zinamngoja Fanueli ili ziweze kupanda.

Jumamosi nilishuka mpaka Lushoto, Lushoto mpaka Mombo, na Mombo mpaka Dar es Salaam, na njia nzima nilikuwa nalitengeneza lile neno la pili mdomoni. Mama yako ametutoka. Mama yetu hatunaye. Nilijaribu kila namna. Nilifika Chuoni jua linaelekea kuzama, nikauliza bweni, nikaambiwa niingie.

Nilimkuta kwenye ngazi. Alikuwa anapanda, kitabu mkononi, midomo inatembea. Akifika juu anageuka, anashuka mpaka chini, anapanda tena. Kijana mmoja alikuwa amejiegemeza mlangoni anamtazama. Huyu alikuwa Issa, karani wa ushirika kutoka Muheza, aliyelala naye chumba kimoja.

"Wewe mzee unatoka kwao?" Issa akaniuliza. "Shikamoo. Tafadhali mchukueni. Amezichakaza ngazi za serikali. Msambaa akiletwa tambarare, lazima atafute mlima, hata wa saruji."

"Mbondei nyamaza," Fanueli akasema kutoka juu. Kisha akaniona. Alishuka ngazi mbilimbili, akainama, akanipa mikono yote miwili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Njema," nikasema, kama inavyotakiwa.

Akaniingiza chumbani, akanikalisha kitandani kwake, akanipa maji katika kikombe cha bati alichotoka nacho nyumbani. Nikanywa. Naye akaketi kwenye kiti, mbele yangu, akaweka kitabu chini na mikono juu ya magoti. Alijua. Sikuwa nimemwandikia kwamba nakuja, na mtu hatoki Mlalo kwenda Dar es Salaam kutembea. Alikuwa ananingoja kwa adabu zote, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikaweka kikombe chini nikasema, "Ila."

Hapo macho yangu yakaenda ukutani. Alikuwa amebandika ratiba ya mitihani, ameiandika upya kwa mwandiko wake wa ubaoni. Jumatatu. Jumatano. Ijumaa. Jumatatu ya pili. Mtihani wa kwanza ulikuwa keshokutwa.

Issa aliingia nyuma yetu. Yeye hakuwa mtu wa kwetu, hakujua kwamba baada ya ile ila mtu haingilii. Akasema, "Mzee, umekuja wakati mzuri. Mwambie rafiki yako alale. Ameniapia kwamba akivuka mwaka huu hataniambia tena habari za kurudi kulima."

Fanueli akacheka, na sikuwa nimemwona akicheka vile tangu barua ya Chuo ilipofika. "Ni kweli, kaka. Nimeanza kuwaelewa. Wiki tatu hizi, sijui nini kimefunguka. Yule mwenye ndevu nilimnyanyulia mkono. Nikamweleza jinsi tunavyogawana maji ya mfereji. Akaniambia niandike." Kisha akakumbuka, akatulia, akaweka tena mikono magotini. "Ila nini, kaka?"

Nilimjua mtu huyu. Nilijua nikilisema, atakuwa kituo cha basi kabla giza halijaingia. Nilijua pia kwamba akishaupanda mlima wa Soni kuelekea nyumbani hatashuka tena. Atalima shamba la mama yake, atafundisha upande wa Mlola, na barua yangu niliyoiandika mara nne itakuwa ya kufungia sabuni.

"Ila mvua imewahi," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Mvua?"

"Imewahi sana. Watu wameanza kuhangaika na mbegu. Na mimi nimetumwa mjini na ushirika, nikaona nikupitie."

Akashusha pumzi. "Mvua ikiwahi ni heri," akasema, akainuka, akaenda dirishani.

Nilijiambia ni mpaka kesho tu.

Jumapili alinipeleka kula. Wanafunzi walipanga mstari na masinia, na wapishi, watu wazima wenye mvi, waliwapakulia. Fanueli alimwamkia kila mmoja, kwa jina. "Shikamoo Mzee Mbaraka." Wale vijana waliokuwa nyuma wakaguna kwa kicheko. Mmoja akasema, "Huyu mwalimu atawaamkia mpaka masufuria." Tulipomaliza akachukua sinia lake na langu akayapeleka mwenyewe kwenye maji, na Mzee Mbaraka akamnyang'anya kama anavyomnyang'anya kila siku.

"Siwezi kuzoea," Fanueli akaniambia tulipotoka. "Wenzangu wanasema ni kazi yake, analipwa. Ninajua analipwa. Lakini nyumbani nikimwachia mtu wa umri ule anioshee chombo, mama atanichapa na umri huu." Akasimama. "Mama kifua chake vipi?"

"Hajambo," nikasema.

Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Tukatembea. Alishindwa kutembea polepole hata kwenye lile joto; alikwenda mbele, akarudi, akaenda tena, huku akinionyesha maktaba, uwanja wanakofanyia gwaride la mgambo, mti ambao akikaa chini yake husoma kurasa tatu bila kuinuka. Alisema kurasa tatu kama mtu anayesema magunia matatu. Mchana alifungua sanduku akatoa blanketi la sufu, la kahawia, jipya. Alikuwa ameweka akiba tangu Oktoba. "Mpelekee mama. Mwambie alale nalo, asilifungie sandukuni akingoja wageni."

Nikalipokea.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka mlango wa ukumbi wa mtihani. Aliingia akiwa anafungua na kufunga vifungo vya mikono ya shati. Nikakaa nje kwenye nyasi saa tatu nzima, blanketi la marehemu liko chumbani, na jembe la marehemu liko kizingitini, na mvua nilijua inanyesha. Alipotoka alikuja moja kwa moja.

"Kaka, nimekaa. Saa tatu, sikuinuka hata mara moja. Nimejaza kurasa kumi na mbili."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa mpya vile. Ningewezaje? Leo ninajua ningewezaje: kwa kufungua mdomo. Lakini siku ile nilijiona ninabeba jambo kubwa kuliko msiba.

Jumanne alfajiri alinipeleka kituoni. Nilipokwisha kupanda alisogea dirishani.

"Mama hajambo kweli?"

"Hajambo. Wewe soma."

Uongo ukishazaliwa, mama yake lazima aulee. Nilifika kitongojini Jumatano, na wazee walikuwa wameketi wananingoja. Walitazama nyuma yangu, njiani, kuona kama kuna mtu anafuata.

"Ulimfikia?" Mzee Kornelio akauliza.

"Nilimfikia."

"Ukampa neno?"

"Nilimpa."

"Amesemaje?"

"Amesema mitihani haimruhusu."

Mzee Kornelio akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Hakulia?"

"Alilia sana."

Hata machozi niliyatunga. Kuhusu blanketi nilisema amemletea Marta. Marta alilipokea kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani. Nilisikia baadaye walivyosema akina mama mtoni: kwamba Mwalimu amefiwa na mama, yeye amemtumia mkewe blanketi.

Ijumaa, siku ya nane, kwa kuwa mtoto wa kwanza hakuwapo, Silvano aliliokota jembe. Alichimba mashimo yake manne kama anayempapasa mbwa, na nyumba zote kumi na tatu zikaenda kupanda.

Fanueli alikuja mwishoni mwa Machi, mitihani yote imekwisha. Aliniandikia siku atakayofika ili nimpokee Lushoto. Nilikaa nyumbani nikasema mguu unaniuma. Yaliyotokea nilielezwa na Marta baadaye. Alishuka Mlalo na sanduku lake, akawaamkia akina mama wa sokoni, wakamwitikia huku wanatazama pembeni. Akapanda kilima mbiombio. Alimkuta Marta uani, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi, na lile blanketi la kahawia mabegani.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Marta alidhani mumewe amepata kichaa cha majonzi. "Si uliambiwa?"

Fanueli akakaa kizingitini. Alikaa pale tangu saa saba mpaka kuku wanaingia ndani. Watoto wa shule waliokuwa wanapita walisimama kumwangalia, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumwona amekaa.

Kesho yake wazee walimwita. Nami niliitwa, kwa kuwa nilikuwa mjumbe. Mzee Kornelio hakusalimu. Alianza na maswali.

"Mjumbe wetu alikufikia?"

"Alinifikia, mjomba."

"Ulimkalisha?"

"Nilimkalisha, nikampa maji. Nami nilikaa."

"Akakupa neno?"

Fanueli alinitazama. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake, na nilijua kwamba sasa ndipo nitakapoanikwa.

"Alinipa maneno," akasema.

"Nawe ukachagua karatasi."

Wakamtoza kondoo mmoja wa kuomba radhi kwa udongo wa mama yake, na shamba la mteremkoni wakampa Silvano, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika jembe. Mimi nilinyamaza mwanzo hadi mwisho. Nilijiambia nitasema kesho. Nilishakuwa hodari wa kesho.

Jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya mikaratusi, alikuja uani kwangu. Nilimkaribisha kigoda, hakukaa.

"Kuna fomu, kaka," akasema.

"Fomu gani?"

"Mtu akifiwa na mzazi anajaza fomu, anaruhusiwa kwenda kuzika, na mtihani anaufanya baadaye. Issa alifiwa na baba yake Januari, akakosa jaribio, akajaza, akaja akalifanya peke yake. Ni ukurasa mmoja."

Nilisoma magazeti yote, vitabu vya misheni na masomo ya posta. Fomu hiyo sikuijua.

"Sikujua," nikasema.

"Hukuuliza."

"Ungerudi kweli Chuoni, baada ya kuzika?"

Akageuka kutazama bonde, mguu mmoja unachimba udongo. "Sijui. Lakini miguu ilikuwa yangu."

"Na wazee hukuwaambia kwa nini?"

"Mimi sikuwa mjumbe. Neno ni lako." Akaondoka kwa hatua zake zilezile ndefu, hakuaga.

Akakaa nyumbani miezi mitatu, kama kule ni kukaa. Hakuwa na shamba. Asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka Mlola, na alasiri alirudi, bila shughuli yoyote. Watu walimjibu "njema" wakapita. Hakuna aliyesimama kumpa neno la pili, hata la kawaida, la ng'ombe aliyezaa au mtoto aliyeota meno. Mtu aliyezaliwa mjini hawezi kujua adhabu hiyo ina uzito gani. Matokeo yalikuja Juni: amepita vizuri. Alinitumia Marta kuja kuniambia, na Marta aliniambia akiwa amesimama.

Siku aliyoondoka kwa mwaka wa pili, Julai, wasindikizaji walikuwa wawili tu, Marta na Mzee Kornelio, na mzee alikuja kwa sababu mjomba haruhusiwi kukosa. Nami nilikuja, nikasimama mbali kidogo, karibu na matenga ya kabichi yaliyokuwa yanangoja kupakiwa. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa juu ya basi. Alikuwa na mguu mmoja kwenye kipandio aliponiona. Angeweza kuingia.

"Shikamoo kaka," akasema.

"Marahaba."

"Habari za utokako?"

"Njema."

Hakuingia. Alisimama hivyohivyo, mkono umeshika chuma cha mlango, ananitazama. Utingo akapiga bati. "Mghoshi, bwana, panda, gari linaondoka." Hakusogea. Nikaelewa kwamba ananingoja, kama alivyoningoja chumbani kwake na mikono magotini, na kwamba hatauliza tena baada ya hapo.

"Ila," nikasema.

Akashuka. Akatazama pa kukaa, akaona gunia la viazi ukingoni mwa barabara, akalikalia. Mimi nikakaa juu ya tenga. Hapakuwa na maji ya kunywa. Mzee Kornelio akageuka, na akina mama waliokuwa wanapatana bei ya vitunguu wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mama yako ametutoka," nikasema. "Bi. Raheli. Ni Alhamisi, mwanzoni mwa Machi. Alishikwa na kifua siku tano. Tulimzika kesho yake, juu ya shamba lake, karibu na migomba. Wazee walinituma nikwambie, nami nilikuja mpaka kwako nikala chakula chako, na sikukwambia. Uliniuliza mara tatu. Nilirudi nikawaambia wazee kwamba umekataa kuja. Hukukataa. Na blanketi ulimpelekea yeye."

Marta alijishika mdomo. Fanueli alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alisema neno?" akauliza.

"Alisema maharage ya mbegu yashushwe darini kabla unyevu haujayafikia. Alisema wewe ukija ndiye unayejua yapi ni ya kupandwa upande wa juu."

Utingo naye alikuwa ameondoa mkono kwenye bati.

"Nimepokea," akasema, kama anavyosema mtu aliyefikishiwa.

Akainuka, akajipangusa suruali. Mzee Kornelio alimwendea, akavua kofia, akashika mikono yake miwili na hakuiachia upesi; walizungumza Kishambaa kwa sauti ya chini, na sikusikia. Kisha mzee akapita mbele yangu, akiwa bado na kofia mkononi.

"Severin," akasema, "kikaratasi kingekuwa bora kuliko wewe."

Alisema kweli, na tangu siku ile hakuna aliyenituma mahali.

Fanueli alimuaga mkewe, akapanda. Kwangu hakugeuka. Basi liliondoka, nami nikalifuata kwa macho linavyozunguka soko na kuushika mteremko wa Lushoto. Alikuwa upande wa dirisha. Alikuwa amekaa, mgongo wima, mikono juu ya magoti, na mpaka basi linafika kona ya kwanza hakuwa ameinuka.